Hesabu ya Philadelphia

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na dola nayo huingia utu uzima na tabia ilizofundishwa katika uchanga wake. Mwanafunzi wa historia anayeshangaa kwa nini mgombea aliyepata kura nyingi zaidi za wananchi wa Marekani aweza kuukosa urais, au kwa nini jimbo lililohesabiwa watu 576,851 mwaka 2020 lina maseneta wawili sawasawa na jimbo lililohesabiwa watu 39,538,223, hatapata jawabu katika habari za miaka hii. Hapana budi arudi nyuma mpaka mji wa Philadelphia katika mwaka 1787, ambako wajumbe walikaa nyuma ya milango iliyofungwa, wakahesabu watu. Jinsi walivyohesabu, na ni nani aliyehesabiwa kwa faida ya nani, ndiyo mambo yaliyoyapa maisha ya siasa ya taifa hilo sura yake.

Mizizi ya hesabu hiyo iliutangulia mkutano wenyewe kwa zaidi ya miaka 160. Tarehe 30 Julai 1619, katika makazi ya Jamestown, koloni la Virginia, wawakilishi 22 waliochaguliwa na walowezi walikutana na gavana ili kutunga sheria. Hilo lilikuwa baraza la kwanza la namna hiyo katika makoloni ya Waingereza ya Amerika. Kabla mwezi uliofuata haujaisha, meli ilitia nanga Point Comfort, katika koloni lilelile, ikawashusha Waafrika ishirini na kitu waliotolewa Angola, wakabadilishwa kwa chakula. Hivyo uwakilishi na biashara ya watu viliingia Virginia katika majira mamoja. Mlowezi alijifunza kudai sauti katika serikali, na wakati uleule akajifunza kummiliki mtu asiye na sauti.

Somo la kwanza ndilo lililozaa uasi. Bunge la London lilipotoza kodi ya stempu mwaka 1765, wakaaji wa makoloni walijibu kwamba hawana wawakilishi katika Bunge hilo, na kwa hiyo Bunge halina haki ya kuwatoza kodi. Ugomvi ulikua hata ukawa vita mwaka 1775, na tarehe 4 Julai 1776 likatolewa Tangazo la Uhuru lililonena kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwandishi wake mkuu, Thomas Jefferson, ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, alikuwa ametia katika rasimu maneno makali ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Kongresi iliyafuta. Neno lililoelekea kuvunja umoja liliondolewa ili umoja ubaki, na desturi hiyo haikuishia hapo.

Muungano wa kwanza, ulioanza rasmi mwaka 1781, ulikuwa dhaifu kwa makusudi, kwa kuwa watu waliomkataa mfalme hawakutaka kujitengenezea mfalme mwingine. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, wala masharti ya muungano hayakuweza kubadilishwa pasipo idhini ya majimbo yote 13. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, walioelemewa na kodi na madeni, walichukua silaha, na serikali ya muungano haikuwa na nguvu ya kuwazuia. Wenye mali wakaingiwa na hofu, na mwaka uliofuata mkutano ukaitishwa Philadelphia chini ya uongozi wa George Washington. Wajumbe 55 kutoka majimbo 12 walihudhuria. Jimbo la Rhode Island lilikataa kupeleka mtu.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa baina ya majimbo makubwa na madogo. Makubwa yalitaka uwakilishi ufuate wingi wa watu. Madogo yalitaka kila jimbo liwe na kura sawa. Suluhu ilipitishwa tarehe 16 Julai kwa kura za majimbo 5 dhidi ya 4, na jimbo moja likagawanyika: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, na Seneti itoe nafasi sawa kwa kila jimbo. Mjumbe mmoja tu angalibadili nia, huenda historia ya nchi hiyo ingalichukua njia nyingine.

Lakini mara idadi ya watu ilipofanywa kipimo, lilizuka swali zito zaidi: mtumwa ni mtu au ni mali? Kusini, ambako mtumwa aliuzwa mnadani na kurithiwa pamoja na ng'ombe, wajumbe walitaka ahesabiwe. Kaskazini waliuliza kwa nini mali ya watu wa Kusini ihesabiwe, hali mali ya watu wa Kaskazini haihesabiwi. Wakapatana kwamba kila watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3. Wapo wasomaji wanaodhani kwamba mtumwa alipewa sehemu tatu katika tano za haki ya raia. Sivyo. Hakupewa haki yoyote. Idadi yake ilichukuliwa ikaongezwa katika nguvu ya bwana wake, hata kila aliyenunua watumwa zaidi aliongeza pia uzito wa jimbo lake katika kutunga sheria zilizomlinda. Yule ambaye hesabu ya haki ingalimfaa mtumwa kuliko nyingine zote ni yule aliyetaka asihesabiwe kabisa maadamu yumo utumwani.

Hesabu hiyohiyo iliingia katika uchaguzi wa Rais. Katiba haikuwapa wananchi kazi ya kumchagua moja kwa moja, bali iliwapa wateuzi ambao idadi yao katika kila jimbo ni sawa na jumla ya wawakilishi na maseneta wake. James Madison wa Virginia alieleza mkutanoni kwamba katika kura ya wananchi wote Kusini ingeshindwa, kwa kuwa watumwa wake wasingepiga kura. Utaratibu wa wateuzi uliondoa kikwazo hicho. Faida yake inaonekana katika tarakimu. Mwaka 1790 watu huru wa Virginia walikuwa takriban 455,000, na wa Pennsylvania takriban 430,000, tofauti ndogo. Lakini Virginia ilikuwa na watumwa wapatao 292,000. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Virginia ilikuwa na wateuzi 21, na Pennsylvania 15. Jefferson alimshinda John Adams kwa kura 73 dhidi ya 65. Na katika miaka 36 ya kwanza ya urais, miaka 32 kiti kilikaliwa na mtu wa Virginia mwenye watumwa.

Haitakuwa haki kusema kwamba Philadelphia haikuzaa jema. Hofu ya mamlaka makubwa ilizaa mgawanyo wa madaraka, na mwaka 1791 ikazaa marekebisho 10 yaliyolinda dini, usemi, magazeti na haki ya mshtakiwa. Walakini hofu hiyo ilikuwa kisu chenye makali pande mbili. Mwaka 1798 Jefferson na Madison walitumia hoja ya haki za majimbo kupinga sheria iliyowafunga wakosoaji wa serikali. Mwaka 1832 South Carolina ilitumia hoja ya namna hiyo kukataa ushuru wa forodha. Tangu Desemba 1860 majimbo 11 yaliitumia kujitenga ili kuuhifadhi utumwa.

Zaidi ya hayo, Katiba ile ilikuwa na aibu iliyojificha. Ililinda uingizaji wa watumwa mpaka mwaka 1808, ikaamuru mtoro arudishwe kwa bwana wake, lakini haikulitaja neno mtumwa hata mara moja. Kutoka katika kimya hicho vikatoka visomo viwili. William Lloyd Garrison, adui mkubwa wa utumwa, aliiona Katiba kuwa mkataba na mauti, akaichoma moto hadharani tarehe 4 Julai 1854. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwani na kwanza akawa mfuasi wake, alibadili fikira mwaka 1851, akashika kwamba sheria ambayo haikuthubutu kuutaja utumwa haiwezi kusomwa kuwa imeuhalalisha. Garrison aliangalia nia ya walioandika. Douglass aliangalia maneno waliyoyaacha. Mabishano hayo juu ya nia na maneno hayajaisha katika mahakama za nchi hiyo.

Suluhu ya mwaka 1787 ilivunjika kwa vita vya mwaka 1861 mpaka 1865. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, uraia ukatolewa mwaka 1868, na mwaka 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Hapo historia ikafanya kinyume kisichotarajiwa. Mtu mweusi aliyekuwa huru sasa alihesabiwa mzima, na kwa hiyo Kusini ikastahili viti vingi kuliko zamani. Kisha majimbo yake, kama Mississippi kwa katiba yake ya mwaka 1890, yakamzuia kupiga kura kwa kodi na mitihani ya kusoma. Katiba iliagiza jimbo la namna hiyo lipunguziwe viti, na agizo hilo halikutekelezwa. Kwa muda wa miaka mingi idadi yake ilitumika, na sauti yake ikazuiwa, hata sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965.

Usawa wa majimbo katika Seneti na wateuzi wa Rais vingali vipo. Mwaka 1790 jimbo kubwa, Virginia, lilikuwa na watu karibu mara 13 ya wale wa Delaware. Mwaka 2020 California ilikuwa na watu zaidi ya mara 68 ya wale wa Wyoming. Mara 5, ya mwisho ikiwa mwaka 2016, aliyeshika urais hakuwa ndiye aliyeongoza kwa kura za wananchi. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 338 dhidi ya 70 kuwaondoa wateuzi, lakini mwaka 1970 shauri hilo likafia katika Seneti, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa suluhu ileile. Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba pasipo hiyo suluhu majimbo madogo yasingejiunga, na hoja hiyo ina uzito. Lakini waliopatana walikuwa watu huru. Wale waliotolewa kuwa rehani ya mapatano hawakuitwa chumbani, na wajukuu wao ndio waliolilipa deni hilo kwa miaka mingi kuliko watu wengine wote.