Msafiri wa Baiskeli na Jirani wa Barabarani



Novemba 1931, Kazimierz Nowak, mwandishi na mpiga picha kutoka Poland, aliondoka Tripoli kwa baiskeli ili kuivuka Afrika. Nyuma aliacha mke na watoto wawili, aliowatunza kwa malipo ya makala na picha alizotuma magazetini. Alipita Uganda, akapanda milima ya Rwanda na Burundi, akafika ncha ya kusini ya bara mwaka 1934. Kisha akageuka, akawasili Algiers Novemba 1936: takribani kilomita 40,000 kwa baiskeli, miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Mwaka uliofuata alifariki kwa nimonia.

Mlimani, baiskeli humfundisha mtu unyenyekevu. Mwinuko ukizidi, hushuka na kuisukuma, akaenda sambamba na aliyebeba mzigo kichwani. Hapo ndipo salamu huanza.

Nasi wa Temeke na Kinondoni huwaona alfajiri ndugu wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa, na mara nyingi huwapigia honi. Nowak aliichagua safari yake. Wao wamesukumwa na riziki. Jumapili hii, tukija kanisani, tuwapishe njia, tena tuwasalimu.