Saa za Bonde la Theluji

Mtu aionaye saa ya thamani mkononi mwa tajiri hudhani kwamba kazi ile ilizaliwa katika majumba ya fahari, ilhali asili yake ni katazo na baridi. Katika karne ya 16, mhubiri Calvin alipoyapiga vita mapambo mjini Geneva, masonara wa mji ule, ambao riziki yao ilikuwa dhahabu na vito, waligeukia kitu ambacho hata mcha Mungu hakuona haya kukichukua, nacho ni saa. Wakachanganyika na mafundi wa Kiprotestanti waliokimbia mateso ya Ufaransa, na mwaka 1601 wakawa na chama chao chenye kanuni zake.

Habari iliyo tamu zaidi, hata hivyo, ni ya Bonde la Joux, lililo milimani karibu na mpaka wa Ufaransa, kiasi cha mita 1,000 juu ya bahari, ambako wakati wa kipupwe theluji ilimfungia mkulima ndani pamoja na ng'ombe wake, mikono ikabaki bila shughuli. Wakulima wakaketi madirishani kutafuta nuru, huyu akichonga magurudumu, yule akikata skrubu. Na njia zilipofunguka kazi yao ikapelekwa Geneva, ambako (ndivyo ulimwengu ulivyo) juu ya uso wa saa liliandikwa jina la mtu mwingine. Mwaka 1833 Antoine LeCoultre alifungua karakana kijijini Le Sentier, na mwaka 1844 akabuni chombo cha kupimia sehemu moja ya elfu ya milimita. Humo bondeni ndimo ulimotoka, mwaka 1929, mtambo wa saa wenye uzito wa kiasi cha gramu moja tu.

Niliwahi kuishika saa ya bonde hilo dukani kwa fundi mmoja wa Mombasa, saa kuukuu ya kutiwa ufunguo. Kifundo chake kilizunguka baina ya vidole kwa ukinzani mwororo, nami nikayahisi meno yakipita moja moja, huku kamani ikikaza. Fundi alipoufungua mgongo, niliona kingo za vyuma zimesuguliwa kwa tupa hata zikameremeta, na zile za upande wa chini vilevile, ambazo mwenye saa hangeziona umri wake wote. Tangu mwaka 1969, Seiko ya Japani ilipotoa saa ya mkono ya kwatsi, iendayo kwa betri, dai la usahihi limekwisha. Linalonunuliwa sasa ni ule usuguaji wa pasipoonekana, nao kwangu wastahili bei kuliko dhahabu.

Fundi akairudisha mkononi mwangu, akaniuliza yasemaje. Akrabu fupi ilikuwa juu ya kumi, na jua la asubuhi mlangoni. Nikamjibu: saa nne kamili.