Kigwe cha Shingo

Kigwe cha shingo ni duara la kamba analovishwa farasi kwenye shina la shingo ili mpandaji amwongoze bila hatamu wala lijamu. Kinywani hamna chuma, puani hamna mkanda. Mpandaji hubaki na mkao wake, miguu yake, na kamba inayogusa shingo upande huu au ule.

Upandaji wa namna hii ni wa kale, na Afrika ina fungu lake katika historia yake. Wapanda farasi wa Numidia, katika nchi ambayo leo ni Algeria na sehemu ya Tunisia, walisifika kwa kupanda bila lijamu. Kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113, askari wa Kimoro, wa Afrika Kaskazini pia, wamechongwa bila tandiko wala hatamu, farasi wao wakiwa na mshipi shingoni tu. Siku hizi Mfaransa Alizée Froment amewaonyesha watazamaji miondoko migumu kabisa ya farasi wake Mistral kwa kamba kama hiyo.

Wajerumani hukiita kigwe hiki Halsring, pete ya shingo, kwa kutazama umbo. Wafaransa husema cordelette, yaani kamba ndogo. Kwa Kiswahili, “kamba ya shingo” inaeleweka mara moja, lakini ndiyo hiyo anayofungiwa mbuzi asitoroke, na farasi hafungwi kamwe kwa chombo hiki. “Kitanzi” ni kosa la hatari: kitanzi hujikaza kikivutwa, na kamba inayojikaza humkaba mnyama. “Hatamu” ni ya kichwani. Neno “kigwe” linayashinda yote. Ni udogo wa “ugwe”, kama cordelette ilivyo udogo kwa Kifaransa, tena lina maana ya uzi uliosukwa na ya kamba ya kuongozea farasi. Kwa kuwa vigwe vya hatamu navyo ni vigwe, maneno “cha shingo” yasiachwe.

Maana ya kusuka isipuuzwe wakati wa kuchagua. Kamba iliyosokotwa hujizungusha mkononi, iliyosukwa hutulia. Anayechagua kigwe kilichotengenezwa kwa mkono akishike sehemu moja, akiinue. Kikilegea kama tambi, ishara itachelewa kufika. Kizuri hubaki na sehemu ya duara lake. Unene wa milimita 10 hadi 14 hujaza kiganja bila kuikata ngozi ya farasi. Pamba ni laini, ila hunywa jasho na kuwa nzito. Nailoni hudumu, lakini huteleza, na ikivutwa ghafla huunguza kiganja. Poliesta hainyumbuki sana. Kisha maungio yapapaswe kwa kidole. Ncha zilizoyeyushwa kwa moto huacha kinundu kigumu, nacho kisipofunikwa kwa uzi au ngozi huchubua shingo na kunyofoa manyoya. Fundo la kurekebishia ukubwa lisogezwe na vidole vya mtu tu, kamwe lisisogee kwa mvuto.

Kipimo hupatikana mpandaji akiwa juu ya farasi. Kigwe kilale mbele ya mabega, na aliyeketi wima, viwiko karibu na mbavu, akifikie bila kuinama. Kikiwa kirefu mno, farasi akiinamisha kichwa kigwe huteremkia masikioni, na mguu wake unaweza kunasa. Kikiwa kifupi hubana muda wote, na farasi hawezi tena kutofautisha ishara na kimya.

Kumgeuza farasi kulia, upande wa kushoto wa kigwe huigusa shingo na kuachia. Kumsimamisha, kigwe huinuliwa na kuachiwa, huinuliwa na kuachiwa. Hakivutwi mfululizo, maana kinachokandamizwa hapo ni koromeo. Siku za mwanzo farasi avae na hatamu yake, ndani ya uzio, mpandaji akianza kwa kigwe na kurudia hatamu pale tu ishara isipoeleweka. Mazoezi yakiisha, kigwe kivuliwe kabla farasi hajaachiwa malishoni, kwa sababu kamba iliyosukwa vizuri ikinaswa na tawi haikatiki.