Saa ya mjomba

Mjomba wangu wa Mgeta haoni. Nilimnunulia saa inayoongea hapa mjini Morogoro. Masika moja tu ya Uluguru, ikawa bubu. Akakosa basi la alfajiri la kwenda kliniki.

Nikachimba historia. Kumbe tangu miaka ya 1790 Breguet wa Paris alitengeneza saa za kupapasa, zenye mshale nje ya kifuniko. Baadaye zikaja za kufunua kioo, zenye nukta za kugusa na mishale imara. Mwaka 2013 ikaja Bradley: gololi mbili zinazovutwa na sumaku, bila mishale ya kupinda.

Mjomba kachagua ya kufunua kioo.

"Ile ilikuwa inasema Kizungu, saba, wakati ni saa moja. Hii nimeitega kwa saa zetu. Kidole hakihitaji mkalimani."