Testi ya Akili Iliyotoka Usenge

Maze wasee, kabla utume tena ile skrinshoti yako ya IQ 140, keti kidogo nikupe stori ya huku kwetu Bondo.

Mwaka wa 2001, mwanasaikolojia Robert Sternberg wa Yale, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Usenge, hapo ufuoni mwa ziwa. Walichukua watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Wakawapa mitihani ya kawaida: misamiati, Kiingereza, hesabu. Halafu wakaongeza moja waliyoitengeneza hapa hapa, kuhusu yadh nyaluo. Mtoto anaumwa hivi na hivi, ni dawa gani ya kienyeji inamfaa? Kitu dani yako anajua bila kufikiria.

Matokeo? Waliojua dawa vizuri hawakuongoza kwa Kiingereza. Kwa mitihani mingine ilikuwa kinyume kabisa: ukipanda huku, unashuka kule. Sio ati mitishamba inaua Kiingereza. Watafiti walieleza kwamba familia zingine hazioni faida ya shule, kwa hivyo mtoto anaweka muda wake kwa kile kitamsaidia nyumbani. (Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo jua niko na upande.)

Sasa, testi inaaminikaje? Enda pale banda la samaki uangalie mizani. Ukipima mbuta yule yule mara mbili, ipate kilo mbili kisha tatu, hiyo mizani ni takataka. Testi pia lazima irudie jibu, na kila mtu apewe maelekezo sawa na muda sawa. Lakini mizani ikiwa sawa kabisa, bado haiwezi kukuambia kama samaki ameoza. Haikuundwa kwa hiyo kazi. Halafu kuna kulinganisha: ngege wa kilo moja ni mkubwa, mbuta wa kilo moja bado ni mtoto. Alama zako hazina maana mpaka tujue umewekwa kando ya nani.

Ndio maana Kilifi, Amina Abubakar na wenzake hawakuchukua tu kipimo cha Ulaya. Walijenga chao cha kuangalia ukuaji wa watoto wadogo, wakakijaribu kwa watoto wa huko huko, na 2008 wakachapisha jinsi kilivyofanya. Kazi ya polepole, haina laiki.

Wajaluo wenyewe, wakiulizwa akili ni nini, walitoa maneno manne: rieko, luoro, paro, winjo. Heshima iko ndani. Kujituma kuko ndani. Ni rieko pekee iliyoendana na alama za shule.

Mwaka jana niliomba kazi Kisumu, wakanipa testi ya kompyuta. Swali moja lilikuwa la kusoma ratiba ya treni za chini ya ardhi. Nikapata 41, nikakaa wiki nzima nikijiona bure. Niliwaandikia kuuliza hiyo 41 ililinganishwa na watu gani. Bado nangoja jibu.