Sura Iliyoishia Johannesburg

Mwalimu anayesimamia tasnifu yangu ya uzamili hupenda kuandika pembeni ya ukurasa kwa penseli. Kwenye sura yangu ya tatu aliandika swali moja tu: "Na ndege yenyewe iliishia wapi?"

Nilidhani nimeshajibu. Sura ile ilihusu ndege ya Comet iliyoruka kutoka London alasiri ya tarehe 2 Mei 1952 ikiwa na abiria 36, ikatua Johannesburg kesho yake baada ya karibu saa 24. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ratiba ya kawaida kubeba abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone.

Mimi nimekulia Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilohilo la Entebbe. Utotoni nilikuwa naacha kuchota maji ndege ikipita, na mama akinikuta nimeduwaa, ndoo tupu, ananiambia ndege hazitanilisha. Kwa hiyo sura ile niliiandika kwa mapenzi. Nilijiweka mwenyewe kwenye kiti. Comet ya kwanza haikuwa na daraja la pili: wote walikaa kifahari, na mbele kabisa palikuwa na chumba kidogo cha watu wanane wakitazamana kwenye meza. Nauli ya kwenda tu ilikuwa pauni 175. Ndege iliruka juu ya mawingu ya mvua, bila mtikisiko wa pangaboi. Nilieleza hata jinsi Entebbe ilivyofunguliwa upya Novemba 1951, njia yake ya kurukia ikiwa imerefushwa kuisubiri jeti hii. Nikaishia Johannesburg, watu wakishuka.

Swali la mwalimu lilinikera kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Kila apendaye ndege analijua.

Ndege ile ilisajiliwa G-ALYP, na kwa alfabeti ya redio ya wakati ule iliitwa Yoke Peter. Tarehe 10 Januari 1954 iliondoka Roma kwenda London, ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 walikufa. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na kuokota miili.

Safari za Comet zikasimamishwa. Wataalamu wakakagua, wakarekebisha walivyovishuku, na Machi 23 ndege zikaruhusiwa kuruka tena ingawa chanzo hakikuwa kimepatikana. Tarehe 8 Aprili, Comet nyingine ikitoka Roma kwenda Cairo, njiani kuelekea Johannesburg, ilianguka baharini karibu na Naples. Watu 21.

Jibu lilipatikana Farnborough, Uingereza, ambako bodi nzima ya Comet ilizamishwa kwenye tangi la maji, kisha ikajazwa na kupunguzwa shinikizo mara nyingi mno, kana kwamba inapaa na kutua. Bodi yake ikachanika. Ili abiria wapumue vizuri kule juu, ndani hujazwa hewa, na bati la ndege hutanuka kidogo, ikitua, hulegea. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua: mara ya kumi hakikatiki, lakini utafika wakati kitakatika. Yoke Peter ilikuwa imefanya hivyo mara 1,290. Ufa wake ulianzia kwenye tundu la antena lililokatwa juu ya paa.

Maana yake ni kwamba uchovu ule ulianza kujengeka tangu mwanzo. Abiria wale 36 wa kwanza, waliolala usingizi juu ya Sudan, walikuwa ndani ya jaribio ambalo hakuna aliyejua linaendelea. Wao walifika. Waliopanda baada yao hawakufika, na tofauti kati yao ilikuwa ni hesabu ya safari tu.

Nami niliikata sura yangu pale pale ilipokuwa tamu. Nimewahi kuwalaumu waandishi wa zama za ukoloni kwa kuchagua wanachokiona, nami nikafanya vivyo hivyo kwa watu 56, kwa sababu tu naipenda ndege.

Nimeiandika upya. Sasa inafika mwaka 1960, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipopokea Comet 4, yenye bodi iliyosanifiwa upya kutokana na yaliyoonekana kwenye tangi. Waliopanda Nairobi kwenda London kwa usalama walikuwa na deni kwa watu wa Elba na Naples, na nimeliandika hivyo.

Kiti kile bado nakitamani. Siku nikikipata, daraja la kwanza, ndege mpya kabisa, nitapanda. Ila sitajifanya sijui ni nani walionitangulia.