Bakuli na Kaburi: Kaole na Vulci

Kaskazini ya Zinga, kuelekea mji wa Bagamoyo, yapo magofu ya Kaole, ambako Neville Chittick alichimba mwaka 1958. Baadhi ya makaburi yake yana nguzo za mawe, ambazo zilipachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Chombo cha chakula kikawa pambo la marehemu na alama ya hadhi ya ukoo wake.

Si pwani hii peke yake iliyokipa chombo cha kigeni kazi ya kaburini. Yapata mwaka 530 K.K., huko Athens, Exekias alifinyanga kikombe cha mvinyo. Ndani yake mungu Dionysos yumo chomboni baharini, na pomboo saba wamemzunguka; hadithi za Wagiriki husema kwamba aliwageuza maharamia kuwa pomboo. Kikombe hicho kilipatikana Vulci, Italia, mji wa Waetruski, ambao walizika vyombo vya Kigiriki pamoja na maiti wao.

Basi mchoro hueleza fikra za aliyekitengeneza chombo; mahali kilipowekwa hueleza fikra za aliyekinunua. Huko Kaole mabakuli yaliondolewa, yakabaki matundu nguzoni. Bakuli lisilojulikana lilitoka kaburi gani bado lina habari za China, lakini habari za Waswahili waliolipachika zimepotea.